MAISHA YA KARL JANSKY, MTU ALIYESIKIA NYOTA

Kila muhula gazeti letu la shule huchapa maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani, na muhula huu zamu ya kuandika imeniangukia mimi, mwalimu wenu wa fizikia. Najua wengi walitazamia niandike habari za Newton, au Einstein, au Marconi. Hao mtawasoma vitabuni. Mimi nimemchagua Bwana Karl Jansky wa Marekani. Wataalamu wa nyota ulimwenguni kote hulitaja jina lake kila siku ya kazi, lakini hapa petu ni wachache walilolisikia. Mtu huyu hakuwa profesa, hakuwa tajiri, wala hakuwa na afya njema. Alikuwa na antena moja iliyozunguka polepole juu ya magurudumu ya motokaa, kalamu moja iliyochora mstari juu ya karatasi, na saburi nyingi. Kwa vitu hivyo vitatu alifungua mlango ambao kabla yake hakuna binadamu aliyeupita.

Karl Guthe Jansky alizaliwa tarehe 22 Oktoba, 1905, katika mji wa Norman, Oklahoma. Wakati huo Oklahoma ilikuwa bado haijafanywa kuwa mojawapo ya majimbo kamili ya Marekani. Alikuwa mtoto wa tatu katika watoto sita. Baba yake, Cyril Jansky, alikuwa mwalimu wa uhandisi, na alimpa mtoto jina la Karl Guthe kwa heshima ya profesa wa fizikia aliyemfundisha yeye mwenyewe. Baadaye jamaa ile ilihamia Madison katika jimbo la Wisconsin, ambako baba alikuwa profesa wa uhandisi wa umeme. Kwa hiyo Karl alikulia katika nyumba ambamo habari za umeme zilizungumzwa mezani kama sisi tuzungumzavyo habari za mvua na mazao. Kaka yake mkubwa, aliyeitwa Cyril kama baba yao, alikuwa mhandisi wa redio, na mtamwona tena mbele katika habari hizi.

Karl alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, akapata shahada yake mwaka 1927. Msidhani alikuwa mtu wa vitabu tu. Alikuwa mchezaji hodari katika timu ya chuo ya mchezo wa magongo uchezwao juu ya barafu, mchezo unaotaka mbio na nguvu. Lakini katika miaka ile ile ya ujana madaktari walimwona ana maradhi ya mafigo yasiyokuwa na dawa. Tangu siku hiyo hata kufa kwake aliishi akijua kwamba mwili wake hautamchukua mbali. Alipunguza chumvi, alijitunza, na aliendelea kucheza kadiri alivyoweza, hasa tenisi na mpira wa meza. Sijasoma mahali popote kwamba alitumia ugonjwa wake kuwa udhuru wa kuacha kazi.

Mwaka 1928 aliomba kazi katika Maabara ya Simu ya Bell. Maabara hayo yalikuwa mali ya kampuni kubwa ya simu ya Marekani, na wahandisi wengi hodari walitamani kufanya kazi huko. Wakubwa walisita kumwajiri kijana mgonjwa. Ndipo kaka yake, aliyejulikana na watu wa maabara hayo, alipokwenda kumsemea. Akaajiriwa. Na kwa sababu ya afya yake hakuwekwa katika jiji la New York penye msongamano na moshi, bali alipelekwa mashambani katika jimbo la New Jersey, kwanza Cliffwood, kisha Holmdel. Basi ugonjwa wake ndio uliomfikisha katika uwanja wazi uliokuwa kimya, ambapo antena kubwa ingeweza kujengwa na sauti ndogo kusikika. Kama angalikuwa mzima, labda angaliwekwa mjini, na habari hii isingalikuwapo.

Sasa yafaa nieleze kazi aliyopewa. Mwaka 1927 watu wa New York walianza kuzungumza kwa simu na watu wa London. Hapakuwa na waya wa simu ya sauti chini ya bahari wakati huo, kwa hiyo maneno yalivuka Bahari ya Atlantiki kwa redio. Bei ilikuwa dola 75 kwa dakika tatu, fedha nyingi mno kwa siku zile. Mtu akilipa fedha hizo, hataki kusikia mikwaruzo badala ya sauti ya ndugu yake. Kampuni ilipoanza kutumia mawimbi mafupi ya redio, ilitaka kujua mikwaruzo katika mawimbi hayo yatoka wapi, ili antena zake zielekezwe mbali nayo. Mkuu wa Jansky, Bwana Harald Friis, mzaliwa wa Denmark, alimpa kijana huyu wa miaka 22 swali hilo: kelele zatoka upande gani?

Msomaji, usilipite swali hili haraka, maana ndilo kiini cha habari yote. Redio ya kawaida hukuambia kwamba kuna sauti. Haikuambii sauti imetoka wapi. Ili kujua upande, lazima uwe na antena inayosikia vizuri kutoka upande mmoja na vibaya kutoka pande nyingine, kisha uigeuze. Mtu asiyesikia vizuri huweka kiganja nyuma ya sikio, akageuza kichwa huku na huku mpaka sauti izidi. Hapo ajua msemaji yuko wapi. Antena ya kugeuka hufanya kazi hiyo hiyo.

Jambo hili mwaweza kulijaribu wenyewe, nami huwaonyesha vijana wa Kidato cha Tatu kila mwaka. Chukueni redio ndogo ya betri inayopata mawimbi ya kati. Ndani yake mna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Hicho ndicho antena yake. Fungueni kituo kimoja wakati wa mchana, shikeni redio ikiwa imelala sawa, kisha mzunguke nayo polepole. Sauti itazidi, itapungua, itazidi tena, itapungua tena. Mahali inapopungua kabisa ndipo ncha ya kijiti inapoelekea kituo, au inapokipa kisogo. Chora mstari huo juu ya ramani. Kisha mwambie mwenzako afanye vivyo hivyo katika mji mwingine, naye achore mstari wake. Mistari miwili itakapokutana, hapo ndipo kituo kilipo. Manahodha wa meli na marubani wa ndege walitumia njia hii miaka mingi kujua mahali walipo. Mara ya kwanza niliyofanya jaribio hili uwanjani, kijana mmoja aliniuliza ingekuwaje kama mistari isingekutana mahali popote duniani. Nilimwambia asubiri habari za Jansky.

Jansky alijenga antena ya ajabu kuitazama. Ilikuwa kiunzi cha mbao na mabomba ya shaba, urefu wake kama mita 30 na kimo chake kama mita 6. Kiunzi chote kilisimama juu ya magurudumu manne ya motokaa ya Ford Model T, nayo magurudumu yalikwenda juu ya njia ya mviringo. Mota ndogo na mnyororo vilikisukuma, kikazunguka mara moja kila dakika 20. Wenzake walikiita kwa mzaha jina la ile bembea ya kuzunguka ipandwayo na watoto katika viwanja vya michezo. Antena ile ilinasa mawimbi yenye urefu wa mita 14.6, yaani mizunguko milioni 20.5 kwa sekunde. Waya ulileta mawimbi hadi kwenye kibanda, na humo alikuwa ameunda mashine ya kupokea iliyokuwa tulivu sana, maana mashine yenye kelele zake yenyewe isingeweza kusikia kelele ndogo za nje. Mwisho wake ilikuwapo kalamu iliyochora mstari juu ya karatasi iliyokuwa ikitembea mchana na usiku. Kelele zikizidi, mstari ulipanda mlima. Zikipungua, ulishuka bondeni. Kwa kuwa alijua antena inatazama upande gani kila dakika, aliweza kusoma juu ya karatasi upande wa kila kelele.

Kazi ya kujenga na kurekebisha vitu hivyo ilimchukua zaidi ya miaka miwili. Kuanzia mwaka 1931 karatasi zilianza kutoa habari. Jansky akazigawa kelele katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa mipasuko ya radi za karibu. La pili lilikuwa radi za mbali, ambazo mawimbi yake hurudishwa chini na tabaka za juu za anga na kufika mbali sana. La tatu halikuwa mpasuko hata kidogo. Lilikuwa sauti nyembamba isiyokatika, kama mvuke utokao katika mdomo wa birika. Lilikuwa dogo mno, na mtu mwingine angaliweza kuliacha.

Hapa nataka wanafunzi wangu wasimame kidogo. Swali la kampuni lilikuwa juu ya mikwaruzo inayoharibu simu. Mafungu mawili ya kwanza yalikuwa yamekwisha kulijibu swali hilo kwa sehemu kubwa. Fungu la tatu lilikuwa dogo kiasi cha kutodhuru mazungumzo ya mtu yeyote. Katika daftari zenu za maabara nimeona mara nyingi kipimo kisichokubaliana na vingine kikifutwa kwa kifutio, ili grafu ipendeze. Jansky hakufuta. Alitaka kujua.

Kwanza alidhani sauti ile yatoka kwenye jua. Alikuwa na sababu nzuri, kwani katika mwezi wa Disemba 1931 upande wa sauti ulifuata jua tangu asubuhi hata jioni: mashariki asubuhi, kusini adhuhuri, magharibi jioni. Mtu mwenye haraka angaliandika jibu hapo na kupeleka taarifa. Yeye aliacha kalamu iendelee kuchora. Januari ikapita, Februari ikapita, na sauti ikaanza kulitangulia jua. Kila siku iliwahi kwa muda mdogo sana. Haba na haba hujaza kibaba: muda ule mdogo ukafika saa nzima, kisha saa mbili, kisha nne. Sauti ile haikuwa ya jua.

Alikusanya karatasi za mwaka mzima na kuhesabu. Akaona kwamba sauti hurudi mahali pale pale si baada ya saa 24, bali baada ya saa 23 na dakika 56. Yeye alikuwa mhandisi, si mtaalamu wa nyota, na hesabu hiyo ilimtatiza. Katika maabara alikuwapo rafiki yake, Bwana Melvin Skellett, aliyekuwa akisoma elimu ya nyota katika Chuo Kikuu cha Princeton. Yeye ndiye aliyemfahamisha maana ya zile dakika nne.

Maana yenyewe ni hii. Dunia hujizungusha yenyewe mara moja kwa saa 23 na dakika 56. Lakini wakati inapojizungusha, inatembea pia katika safari yake ya mwaka kulizunguka jua, kwa hiyo yahitaji kujigeuza kidogo zaidi, kwa dakika kama nne, ili jua lirudi mahali lilipokuwa jana. Nyota ziko mbali mno hata safari ya dunia haizisogezi machoni petu. Kwa sababu hiyo nyota huchomoza mapema kwa dakika nne kila siku kuliko jana, saa mbili mapema kila mwezi, na baada ya mwaka zimerudi pale pale. Wavuvi na wakulima wetu wa zamani walijua jambo hili kwa macho, maana waliitazama Kilimia ili kujua wakati wa kulima. Basi kitu kinachofuata saa 24 ni cha jua. Kitu kinachofuata saa 23 na dakika 56 ni cha nyota. Sauti ya Jansky ilikuwa ya nyota.

Aliutafuta upande ule katika ramani ya mbingu, akaona waelekea kundi la nyota la Mshale, ambalo Waswahili wa zamani waliliita Kausi. Huko ndiko kwenye kitovu cha ule mkanda mweupe wa nyota uitwao Njia Nyeupe, ambao ndio mji mkubwa wa nyota tunamokaa sisi pamoja na jua letu. Sasa twaona pia kwa nini jua lilimpoteza hapo mwanzo. Katika mwezi wa Disemba jua husimama upande ule ule wa mbingu, mbele ya Mshale. Kama angalianza kazi yake mwezi wa Juni, asingalilishuku jua hata siku moja. Na kama angaliacha kupima mwezi wa Januari, angalikufa akiamini kwamba alisikia jua.

Kwa hiyo yule kijana aliyeniuliza habari za mistari isiyokutana duniani apate jibu lake hapa. Mistari ya Jansky haikukutana katika bara lolote wala katika bahari yoyote. Ilielekea mahali palipo mbali kiasi kwamba mwanga, uendao kilomita laki tatu kwa sekunde, huchukua kama miaka 26,000 kutoka huko hadi hapa. Mawimbi yaliyofika katika yale mabomba ya shaba ya Holmdel yaliondoka huko kabla binadamu hajapanda mbegu ya kwanza shambani.

Jansky aliisoma taarifa yake Washington mwezi wa Aprili 1933 mbele ya wasikilizaji wachache. Tarehe 5 Mei, 1933, gazeti la New York Times liliiweka habari yake katika ukurasa wa kwanza. Siku kumi baadaye kituo kimoja cha redio kiliunganisha waya na Holmdel, na watu wa Marekani wakasikiliza majumbani mwao mvumo ule wa mbinguni. Wapo waliotamani sana kusikia kwamba ni salamu za viumbe wa nyota nyingine. Hakukuwa na dalili yoyote ya jambo hilo, wala Jansky hakudai zaidi ya vipimo vyake. Mwaka 1935 aliandika tena, akaonyesha kwamba sauti haitoki kitovuni peke yake bali katika Njia Nyeupe yote, na huwa kubwa zaidi pale penye nyota nyingi zaidi.

Baada ya hapo ingetazamiwa kwamba angepewa fedha na wasaidizi. Haikuwa hivyo. Jansky alifikiria kujenga antena kubwa yenye umbo la sahani, upana wake kama mita 30, ili aipime sauti ile kwa usahihi zaidi. Haikujengwa. Miaka ile Marekani ilikuwa katika shida kubwa ya uchumi, watu mamilioni hawakuwa na kazi, na kampuni ya simu ilikuwa imekwisha kupata jibu ililolitaka: kelele za nyota ni ndogo, hazidhuru simu, wala hakuna awezaye kuzizima. Kwa mfanyabiashara swali lilikuwa limekwisha. Jansky akahamishiwa kazi nyingine za kelele na mashine za kupokea.

Watu wamebishana juu ya jambo hili. Barua alizomwandikia baba yake zaonyesha kwamba alitamani kuendelea na kelele za nyota, na kwamba kupewa kazi nyingine hakukumpendeza. Bwana Friis naye aliandika mwaka 1965 kwamba kijana huyo hakuwahi kumwambia kwamba ataka kuendelea. Mimi sioni vema kumhukumu mtu aliyekwisha kufa ambaye hawezi kujitetea. Lakini naona neno moja waziwazi. Wataalamu wa nyota wa siku zile hawakujua redio, na wahandisi wa redio hawakujua nyota. Uvumbuzi wa Jansky ulianguka katikati, kama mtoto aliyezaliwa mpakani, kila kijiji kikidhani ni wa kijiji cha pili. Wala hakuna chuo kikuu kilichomwita aje aendelee na kazi yake.

Mtu mmoja tu alilichukua neno lake kwa uzito. Naye alikuwa Grote Reber, kijana mhandisi wa redio katika mji mdogo wa Wheaton, Illinois. Mwaka 1937 alijenga kwa fedha zake mwenyewe, katika ua wa nyumbani kwao, antena ya sahani yenye upana wa zaidi ya mita 9. Alifanya kazi mchana ili apate riziki, na usiku alisikiliza mbingu. Akazipata sauti za Jansky, akachora ramani zake. Kwa miaka kadhaa yeye peke yake ndiye aliyekuwa mtaalamu wa nyota wa redio duniani.

Jansky hakulalamika hadharani. Aliendelea kuwa mfanyakazi mwaminifu. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia ujuzi wake wa kutafuta upande wa mawimbi ulihitajika tena, safari hii kwa kutafuta nyambizi za Wajerumani, ambazo zilijifichua kila zilipotuma habari kwa redio. Nyumbani alikuwa mume wa Alice, waliyeoana mwaka 1929, na baba wa watoto wawili. Lakini maradhi yalizidi kumla. Tarehe 14 Februari, 1950, alifariki katika mji wa Red Bank, New Jersey. Alikuwa na umri wa miaka 44 tu.

Hakupata Nishani ya Nobel, na nishani hiyo haitolewi kwa mtu aliyekwisha kufa. Mwaka 1974 Nishani ya Nobel ya fizikia ilipotolewa kwa mara ya kwanza kwa wataalamu wa nyota wa redio, yeye alikuwa kaburini miaka 24. Lakini elimu aliyoianzisha ilikuwa imeota mizizi. Watu walikwisha kufahamu kwamba sehemu kubwa ya sauti yake yatoka kwa elektroni ziendazo kwa mbio karibu sawa na mwanga, zikijipinda katika sumaku zilizoenea baina ya nyota. Mwaka 1973 wataalamu wa nyota walikubaliana kukiita kipimo cha nguvu za mawimbi ya redio ya mbinguni kwa jina lake. Kama tusemavyo mita, gramu na volti, wao husema jansky. Jina la mtu likiwa kipimo, haliandikwi tena kwa herufi kubwa, na nadhani hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote, kwa kuwa limekuwa kama maji na chumvi, kitu cha matumizi ya kila siku.

Mwaka 1998 nguzo ya ukumbusho ilisimamishwa Holmdel mahali ilipozunguka antena yake. Mwaka 2012 kundi la antena 27 katika jimbo la New Mexico lilipewa jina lake. Kila moja ya antena hizo ina upana wa mita 25, nazo husogezwa juu ya reli zikawekwa karibu karibu au mbali mbali, kufuata haja ya mpimaji. Antena bado zatembea, ila zimeacha magurudumu ya Ford. Na mwaka 2022 wataalamu wa nchi nyingi walitoa picha ya kile kilichomo katika kitovu kile alichokielekea Jansky, nacho ni shimo jeusi lenye uzito wa takriban jua milioni nne. Picha ile ilipatikana kwa mawimbi ya redio, kwa kuunganisha antena zilizo mbali mbali duniani.

Afrika nayo imo katika kazi hii. Huko Afrika Kusini, katika nyika kavu ya Karoo, zimejengwa sahani 64 ziitwazo MeerKAT, zilizozinduliwa mwaka 2018, nazo zimechora kitovu cha Njia Nyeupe kwa uzuri ambao Jansky asingaliweza kuuota. Ghana nayo iliigeuza sahani kuukuu ya simu ya satelaiti yenye upana wa mita 32 iliyokuwa haitumiki tena, ikaizindua mwaka 2017 kuwa darubini ya redio. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya simu kimegeuzwa kusikiliza nyota. Jansky angalifurahi kukiona. Twasema haya ili vijana wetu wasidhani kwamba elimu hii ni ya watu wa mbali.

Wazazi wengi huniuliza, na si vibaya kuuliza, mtoto akisoma mambo ya nyota atakula nini. Nami hujibu kwamba Jansky hakuajiriwa kusoma nyota. Aliajiriwa kutengeneza simu, akaitenda kazi ile kwa uaminifu kiasi kwamba hata kelele ndogo isiyomhusu hakuipuuza. Mtu wa namna hiyo hufaa katika kiwanda, katika hospitali, katika shamba na katika ofisi. Ukimfundisha mtoto kuandika kipimo kama alivyokiona, bila kukipamba, umempa mtaji ambao hakuna atakayemnyang'anya.

Nanyi wanafunzi, katika mwezi wa Julai, mwendapo bwenini baada ya masomo ya jioni, ikiwa ni saa nne za usiku na hakuna mwezi, tazameni juu upande wa kusini. Mtaona Njia Nyeupe imepanuka na kung'aa kuliko mahali pengine. Hapo ndipo penye Mshale. Tazameni tena usiku wa pili, saa ile ile, mkilinganisha na pembe ya paa la bweni, mwone kama mwaweza kuzigundua zile dakika nne. Usiku mmoja hautoshi. Majuma mawili yatatosha. Atakayeandika vipimo vyake kila usiku bila kufuta hata kimoja aniletee daftari lake mwanzo wa muhula ujao, nami nitalisoma kwa furaha kuliko karatasi nyingi za mtihani.